Mama Anayejua Kusimulia

Kitabu ninachotaka kukijadili kilichapwa Marekani mwaka 1967, lakini kilizaliwa upande wetu, ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula. Kinaitwa Infancy in Uganda na mwandishi wake ni Mary Ainsworth. Chini ya kichwa hicho kuna maneno mengine yanayotaja malezi ya mtoto mchanga na kukua kwa upendo. Siku hizi ukimsikia mtu redioni, kliniki au kwenye video fupi ya simu akisema kwamba mama ajenge uhusiano na mtoto wake tangu siku za mwanzo, sehemu kubwa ya maneno yake imepitia vijiji vya Buganda, mwaka 1954 na 1955, kwenye nyumba za akina mama waliokubali kutembelewa na mzungu mwenye daftari.

Mimi nilikisoma Runazi, Biharamulo, kwenye simu, kwa vipande vya kurasa mbili tatu, katika siku zangu 84 za likizo ya uzazi. Natamka hilo mapema kwa sababu sidhani kitabu cha namna hii kina msomaji asiye na upande. Kukisoma ukiwa na mtoto kifuani si sawa na kukisoma ukiwa chuoni unatafuta alama.

Ainsworth alizaliwa Marekani mwaka 1913, akakulia Toronto, na London alifanya kazi chini ya John Bowlby, daktari aliyekuwa akitafuta kueleza kwa nini mtoto anayetenganishwa na mama yake huumia hata kama chakula kipo. Hakuja Kampala kwa mpango wake mwenyewe. Mume wake, Leonard, alipata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, naye akamfuata. (Nusu ya wanawake ninaowafahamu Runazi walifika hapa kwa njia hiyohiyo, wengine kutoka Ngara, wengine kutoka Geita, wengine Kasulu. Mwanamke anayefuata mume na kisha akatafuta kazi ya maana ya kufanya hatuhitaji kuelezwa ni nani.)

Alitaka kwanza kuchunguza desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake. Alipofika akakuta desturi hiyo imeshafifia sana. Mtu mwingine angefunga daftari. Yeye akabadilisha swali: badala ya kuuliza mtoto anaumiaje anapotengwa, akauliza mtoto anamzoeaje mama yake hapo mwanzo. Akapata familia 26 zenye watoto 28 ambao walikuwa hawajaachishwa ziwa au wako njiani kuachishwa. Akawa anatembelea kila nyumba kila baada ya wiki mbili, saa mbili hivi kila mara, kwa muda wa hadi miezi tisa. Aliandamana na mkalimani, Katie Kibuka. Kama shukrani, akina mama walipata lifti ya kwenda kliniki na maziwa ya unga kwa bei ya jumla.

Sehemu nzuri zaidi za kitabu ni zile ambazo mwandishi anaangalia tu. Mtoto anatambaa kutoka mapajani mwa mama, anafika mlangoni, anashika kitu, anageuka kuhakikisha kama mama yupo, anaendelea. Mtoto analia akiwa mikononi mwa mgeni na kunyamaza akiwa mikononi mwa mama. Mtoto anamtabasamia mtu mmoja kwa namna asiyowatabasamia wengine. Mambo haya kila bibi anayajua. Lakini kujua na kuandika ni vitu viwili, na hakuna mtu kabla yake aliyekuwa amekaa sakafuni miezi mingi akayahesabu mambo hayo moja moja, wiki baada ya wiki, kwa watoto hao hao. Anatushawishi kwamba upendo wa mtoto hauji na maziwa kama tulivyofundishwa. Mtoto mwenyewe anautafuta, anautengeneza, anaufanyia kazi. Nilipofika hapo nilimtazama binti yangu kwa heshima mpya. Kumbe na yeye alikuwa kazini.

Nilijaribu kulitafutia neno lake la Kiswahili. Wasomi wetu hutumia mwambatano, wengine muunganiko, na mara nyingi nimesikia wakufunzi wakisema tu "uhusiano wa mama na mtoto". Yote yana harufu ya semina. Mtaani tunasema mtoto amemzoea mama yake. Mazoea. Ni neno tunalolidharau kwa sababu tunalitumia pia kwa ulevi na uvivu, tena tuna methali ya kutisha watu kuhusu mazoea na taabu yake. Lakini nadhani linakaribia zaidi kile alichokiona Ainsworth kuliko hayo mengine. Mambatano unaweza kuyadhani ni kama gundi: yapo au hayapo, tangu dakika ya kwanza. Mazoea huhitaji siku. Yanakuja kwa kurudiarudia. Na pande zote mbili huwa wageni kabla ya kuwa wenyeji.

Hili kwangu halikuwa suala la msamiati. Binti yangu alipowekwa kifuani mwangu nilisikia uzito, joto na harufu ya damu, na baada ya hapo sikusikia kitu. Nilijua ni wangu kama ninavyojua kwamba namba yangu ya utumishi ni yangu. Nilimnyonyesha, nilimbadilisha, nilimfunika. Watu walipouliza "unajisikiaje, mama?" nilijibu "namshukuru Mungu", ambalo ndilo jibu pekee linalokubalika. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Baba yake anaendesha lori la mizigo kwenda Rusumo na kuvuka, na alikuwa anakuja na kuondoka; kila akija alikuwa na lile tabasamu la mtu aliyependa papo hapo, na mimi nilimwonea wivu. Kwenye simu yangu kulikuwa na makala zisizohesabika zinazoniambia saa ya kwanza baada ya kujifungua ni ya dhahabu. Yangu nilitumia nikitetemeka na kuomba blanketi.

Kwa hiyo nilikuja kwenye kitabu hiki na hofu ya mshtakiwa. Nilitaka kujua kama muda umepita. Na hapa lazima niseme kwa haki: kitabu chenyewe hakinihukumu. Ainsworth haandiki popote kwamba kuna saa ya dhahabu ikikupita umekosa. Watoto anaowaeleza wanamzoea mama kwa hatua, miezi inapita, na kilele anachokiona ni katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza. Ujumbe wa haraka haraka, ule wa "mpende sasa hivi", umeongezwa baadaye na watu wengine, njiani, kama mizigo inavyoongezwa kwenye basi. Nililala vizuri usiku huo, kwa kiasi mtoto alivyoniruhusu.

Tatizo langu na kitabu linaanza pale mwandishi anapofunga macho na kufungua hesabu.

Aliwagawa watoto katika makundi matatu. Kumi na sita walikuwa na utulivu kwa mama zao: wanalia kidogo, wanachunguza dunia, wanarudi. Saba hawakuwa na utulivu: wanalia hata wakiwa wamebebwa. Watano aliona hawajaonyesha mazoea ya pekee kwa mama. Kisha akauliza, kama mtafiti yeyote angeuliza, akina mama wa makundi haya wanatofautianaje? Idadi ya watu wanaosaidia kulea haikuleta tofauti. Hata ukunjufu wa mama haukuleta tofauti aliyoitarajia. Vilivyohusiana na utulivu wa mtoto ni kiasi cha malezi ambayo mama mwenyewe anatoa, furaha yake katika kunyonyesha, na jambo la tatu ambalo lilinifanya niweke simu chini: ubora wa mama kama msimulizi. Mama aliyeweza kumweleza mgeni mambo ya mtoto wake kwa undani, anapenda nini, anaogopa nini, jana alifanya nini, mtoto wake alikuwa na utulivu. Mama ambaye maelezo yake yalikuwa machache au yanaruka kwenda kwenye habari nyingine, mtoto wake mara nyingi hakuwa na utulivu.

Sisi tunaosoma na kuandika masimulizi ya kweli tungepaswa kusimama hapa. Sijui utafiti mwingine wa enzi ile ambao ulichukua kipaji cha kusimulia na kukiweka kwenye jedwali pamoja na maziwa. Na nadhani Ainsworth alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Siku niliyoanza kumpenda binti yangu naijua kwa sababu ilikuwa siku niliyoanza kuwa na habari zake. Nilimpigia dada yangu simu nikamwambia, "Huyu mtoto anakunja ngumi ya kushoto tu akinyonya, ya kulia anaiacha wazi." Dada akacheka. Nikaongeza nyingine, na nyingine. Nilikuwa na msimuliwa, na nikawa na cha kusimulia. Siwezi kusema kipi kilitangulia, kuona au kusema.

Lakini hebu tumfikirie yule mama mwingine, mwenye maelezo machache. Anaulizwa maswali na mgeni kwa kupitia mkalimani. Mgeni ana gari. Huenda kwao, kama kwetu, kumsifia mtoto mchanga mbele ya mgeni si adabu, na wengine wataona ni kumwita mtu mwenye kijicho. Bibi yangu mzaa mama, Mhangaza wa Ngara, ukimwuliza habari za mjukuu mnene mwenye afya atakujibu kwamba yupo yupo tu. Kwa kipimo cha daftari lile, bibi yangu ni msimulizi dhaifu. Alilea watoto tisa.

Na kuna sababu nyingine ya mama kukosa maneno, ambayo ni nzito zaidi. Mtu aliyechoka hana habari. Mtu mwenye mashaka habari zake zote ni za mashaka. Ainsworth mwenyewe anaona kwamba baadhi ya akina mama wa watoto wasio na utulivu walikuwa na wasiwasi mwingi na maisha yaliyovurugika. Ukisoma sehemu hizo kwa makini unamwona mwanamke nyuma ya mtoto, amekaa, anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Mama "anayeruka kwenda kwenye habari nyingine": hiyo habari nyingine ilikuwa ipi? Ningetoa sura nzima ya majedwali nipate kurasa mbili za hiyo habari nyingine. Alikuwa anajaribu kusema jambo lake, na daftari lilikuwa la mtoto.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kazi hii, na si wa utu wa mwandishi, kwani ni wazi aliwapenda wanawake wale na walimpenda. Udhaifu ni wa mwelekeo wa macho. Mtoto anatazamwa kama mtu. Mama anatazamwa kama hali ya hewa ya mtoto: leo kuna jua, leo kuna mvua, na mtoto anastawi au anadumaa ipasavyo. Hakuna anayeuliza hali ya hewa inajisikiaje.

Kazi iliyofuata ilizidisha mwelekeo huo. Aliporudi Marekani, Ainsworth alifanya utafiti mwingine Baltimore, na huko akabuni jaribio lililompa jina: mama na mtoto wanaingizwa katika chumba wasichokijua, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, mgeni anatoka, na kadhalika, vipande vya dakika tatu tatu, jumla dakika ishirini hivi, huku watafiti wakiangalia mtoto anafanya nini mama akirudi. Dunia nzima inalikumbuka jaribio hilo. Miezi ile Buganda wanaitaja kama utangulizi. Naona ni hasara. Chumba kile hakina jiko, hakina shamba, hakina wifi anayeingia bila kubisha. Mtoto wa Runazi ukimwacha peke yake na mgeni dakika tatu, la kwanza majirani watakalouliza ni kama mama yake ana akili timamu.

Niangalie maandishi yetu wenyewe, maana si haki kumlaumu mzungu wa 1954 peke yake. Mwaka 2012 ilizinduliwa nchini kampeni ya Wazazi Nipendeni, na ukiandika neno MTOTO kwenda 15001 ulipata ujumbe wa bure kwenye simu yako kuhusu ujauzito na mtoto mchanga. Ilikuwa kazi nzuri na ninawafahamu wanawake ambao walikwenda kliniki mapema kwa sababu yake. Lakini lisome lile jina kama unavyosoma mstari wa shairi. Anayesema ni nani? Mtoto. Anawaambia nani? Wazazi. Anataka nini? Apendwe. Ni jina zuri, linashika, linalia. Na mzazi katika sentensi hiyo ana kazi moja ya kisarufi, kuamriwa.

Au ichukue kadi ya kliniki. Kadi ya mtoto tuliyoikuta kwa mama zetu ilikuwa na mchoro wenye rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Kila mwezi nukta moja, nukta zikaunganishwa, na mama akaondoka na mstari wa mwanawe unaopanda au kushuka. Mimi naihesabu kadi hiyo kati ya maandishi yanayosomwa kwa hisia kali kuliko yote nchini. Nimewaona wanawake wakiisoma kwenye benchi, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Mama naye ana kadi yake wakati wa ujauzito: damu, shinikizo, chanjo ya pepopunda. Akishajifungua, siku 42 zikishapita, mstari wake unakatika. Baada ya hapo anakuja kliniki kama mbebaji. Hakuna rangi ya mama. Hakuna nukta ya kuonyesha kwamba mwezi huu ameshuka kwenye kijivu.

Aliyejaribu kuitengeneza nukta hiyo, na hili nililipata kwa bahati nikitafuta jambo jingine, naye alitokea Uganda. John Cox, daktari wa akili Mwingereza, alifanya kazi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwachunguza wajawazito na wazazi katika kituo cha afya cha Kasangati, nje ya Kampala. Wakati huo kulikuwa na watu wazima wenye shahada walioamini kwamba mwanamke wa Kiafrika hapati sonona baada ya kujifungua, kwa sababu ana ukoo, ana ngoma, ana jua. Cox akakuta takriban mmoja katika kumi anayo. Akakuta pia kwamba Waganda tayari walikuwa na jina la ugonjwa wa akili wa mzazi, amakiro, jina lenye hukumu ndani yake: ulidhaniwa kuletwa na uzinzi wakati wa mimba, na mwanamke aliyepatwa nao aliogopwa kwamba anaweza kumdhuru mtoto. Sisi tunasema kichaa cha uzazi, na hukumu tunaiongeza kwa kunong'ona.

Cox aliporudi Uingereza, yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walitoa mwaka 1987 dodoso la maswali kumi lililopewa jina la Edinburgh. Watu wengi hawajui lina mizizi Kasangati. Nimelisoma mara nyingi, na kama maandishi nalipenda. Ni fupi. Linauliza kuhusu siku saba zilizopita tu, kipindi ambacho hata mtu aliyekesha anaweza kukikumbuka. Halikuulizi kama una uchovu, maana waandishi walijua kila mzazi amechoka na swali hilo halimtofautishi yeyote. Linauliza kama bado unaweza kucheka. Linauliza kama unajilaumu bila sababu. Swali la mwisho linauliza jambo ambalo hakuna shangazi atakayekuuliza, kama umefikiria kujidhuru. Katika rafu yangu ndogo ya maandishi kuhusu uzazi, ndilo pekee linalotumia nafsi ya kwanza umoja kwa ajili ya mama. Mimi. Mimi nimeweza. Mimi nimeshindwa.

Pamoja na hayo lina upungufu wake, na nitausema. Linamtaka mwanamke awe peke yake na karatasi. Linamhesabia alama kisha linamwacha. Kituo cha afya cha kijijini chenye muuguzi mmoja na foleni ya watu hamsini kitafanya nini na alama kumi na nne? Na sheria, kwa upande wake, inamjua mama mwajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84, siku 100 kwa mapacha, siku 3 kwa baba, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ukirudi kazini. Mimi mwalimu nilizipata. Jirani yangu anayelima mahindi na maharage aliingia shambani mtoto akiwa na wiki tano, kwa sababu palizi haisubiri na hakuna mwajiri wa kumwandikia barua. Vitabu vyote viwili, cha Ainsworth na dodoso la Cox, vinasoma kana kwamba mama akishaelewa hali yake atapata muda wa kuifanyia kitu.

Sasa, kile ambacho hakuna hata kimoja kati ya hivi kinakitaja, na ambacho lugha yetu inakitaja bila hata kujisifu. Mama yangu alipopanda basi kutoka Ngara kuja kwangu, alimwambia kondakta, na mimi nilisikia kwenye simu, "Naenda kulea mzazi." Simama kwenye maneno hayo. Mzazi, kwa Kiswahili, si baba na mama tu wa kwenye kikao cha shule. Mzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Na mzazi analelewa. Kitenzi ni kilekile tunachokitumia kwa mtoto. Mama hakusema anakuja kumsaidia mjukuu. Alikuwa na mtoto wake wa kulea, nami nilikuwa na wangu.

Alinikanda kwa maji ya moto hadi nikapiga kelele. Alinipikia uji wa ulezi wenye pilipili manga, asubuhi na saa kumi. Alimtoa mtoto mikononi mwangu akisema, "Mwanangu, lala, huyu hana safari." Alipika ndizi na maharage, akaniangalia nikila hadi sahani ikawa tupu, kama mtu anayesoma mstari kwenye kadi. Nilipomwambia usiku mmoja kwamba sijisikii kitu kwa mtoto, hakushtuka. Aliuliza, "Umelala saa ngapi leo?" Nikamwambia. Akasema, "Basi kesho tutaongea." Hatukuongea kesho yake. Kesho yake nilikuwa nimelala saa tano mfululizo, na mazungumzo yenyewe yalikuwa yamepungua uzito.

Sitaki kuipamba desturi. Wapo wasiokuwa na mama, wapo ambao mama mkwe ndiye anayewatia presha, na wapo waliolelewa kwa wiki moja kisha wakakabidhiwa ndoo ya maji. Kulea mzazi kuna amri zake nyingi: usitoke, usile hiki, usilie mbele za watu. Mwanamke mwenye sonona ya kweli uji wa pilipili manga hautamponya, na atakayemwambia hivyo atamchelewesha kwenda kwa daktari. Ila natamani Ainsworth, ambaye alikaa kwenye nyumba 26, angefungua safu moja zaidi kwenye jedwali lake na kuandika juu yake: mama huyu analelewa na nani? Alihesabu wanaosaidia kumshika mtoto. Hakuhesabu wanaomshika mama. Watu hao hao walikuwemo chumbani, wanamenya ndizi, wanacheka, labda wanamjazia mama maneno anapokwama. Nina shaka hata kama ubora wa msimulizi ulikuwa wa mtu mmoja. Katika nyumba nilizokulia, habari za mtoto husimuliwa na watu watatu kwa wakati mmoja, na mama mwenyewe huwa wa kusahihisha.

Kwa jirani zetu wa Rwanda kuna neno ingobyi. Ni ile ngozi au nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Neno hilohilo ni machela ya kusuka ambayo wanaume wanne walimbebea mgonjwa begani kuvuka vilima, mara nyingi mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Na neno hilohilo hutumika kwa kondo la nyuma. Bibi yangu alinieleza hayo akicheka kwamba Kiswahili kina maneno mengi lakini hapo kimezidiwa. Nimelifikiria neno hilo kila nilipoufunga mgongo kwa khanga na kwenda dukani.

Nilimtafsiria mama sehemu za kitabu kabla hajarudi Ngara, jioni, tukiwa tunachambua dagaa kwa taa ya sola. Alipenda yule mtoto anayegeuka mlangoni. Alitaka kujua kama mzungu yule alikuwa na watoto. Nikamwambia hakujaliwa, ingawa alitamani. Akanyamaza kidogo, akatoa kijiwe kwenye dagaa. Kisha akauliza yule mkalimani naye alikuwa na watoto wangapi, na nani alibaki nao siku zote hizo akiwa anazunguka kwenye nyumba za watu. Nilipekua kwenye simu. Sikuliona jibu.